Darubini ya Tata na Mkungu wa Ndizi

Harufu ya ndizi mbivu hunisimamisha njiani. Juzi ilinikuta hapa Miembeni, mjini Bukoba, nje ya duka la vifaa vya umeme, ambako mwanamke mmoja alikuwa ameweka beseni lake juani, ndizi ndogo zile tamu, maganda yameanza kupata madoa meusi. Watu wengine wakiinusa harufu hiyo hutamani kula. Mimi nilijikuta nimegeuka nyuma kuangalia kama kuna mtu ananiona. Mwanamke mzima, mama wa watoto wawili, mkoba begani na kitambulisho cha kazi shingoni, naogopa beseni la ndizi. Nitawaeleza sababu, ila naomba yabaki baina yetu.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Muleba, nyumba ya tatu kutoka barabara kuu, kibanja chetu cha migomba nyuma na uwanja mdogo wa nyasi mbele. Basi la Bukoba au la Biharamulo likipita, vikombe viligongana kabatini. Baba yangu, ambaye sisi watoto tulimwita Tata kama watoto wengi wa Kihaya, alikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi, na alikuwa mtu wa kueleza mambo. Ukimwomba chumvi mezani alikupa chumvi pamoja na habari za inakotoka. Mama alikuwa ameshajifunza kuifuata chumvi mwenyewe.

Mwaka ule Bibi, mama yake Tata, aliletwa kwetu kutoka Kimwani kwa sababu macho yalikuwa yanamwishia. Aliendelea kulima mpaka siku aliyong'oa mstari mzima wa maharage akidhani ni magugu, na jirani akatuma habari. Tata akampeleka hospitali. Waliporudi alituita sebuleni, akatuambia ni presha ya macho. Alisema kilichopotea hakitarudi, na kilichobaki daktari hawezi kuahidi. Sentensi mbili tu. Kwa mtu aliyeweza kuzungumza nusu saa juu ya chumvi, sentensi mbili zilinitisha kuliko ugonjwa wenyewe.

Bibi hakulia, walau si mbele yetu. Alikaa jikoni anamenya ndizi kwa kupapasa, kisu kikienda sawasawa kana kwamba kina macho yake chenyewe, na jioni moja akatupa hadithi. Alipokuwa msichana, mchungaji mmoja wa Kizungu alikuja kwenye misheni yao na darubini. Akawaita wavulana wa shule wautazame mwezi. Wasichana wakaambiwa wasubiri zamu yao. Wavulana walikuwa wengi, na walikuwa wakimaliza wanarudi tena nyuma ya mstari, mpaka wingu likaja, mchungaji akafungasha.

"Nikasema, basi nitauona kesho," Bibi alituambia. "Kesho yenyewe, bojo, jamani, mpaka leo."

Alicheka sana. Sisi watoto tukacheka naye. Tata aliinuka akatoka nje, akasimama kwenye giza la migomba muda mrefu.

Jumamosi iliyofuata alikwenda Bukoba, akarudi na basi la jioni akiwa amekumbatia sanduku refu la mbao. Alikuwa amelitoa kwa Bwana Kanji, mzee mwenye duka la madaftari na kalamu huku Miembeni, mmoja wa Wahindi wachache waliokuwa wamebaki mjini. Walikuwa marafiki tangu Tata alipoanza ualimu. Watoto wa Bwana Kanji walikuwa wamehamia mbali, naye alikuwa anafunga duka awafuate, akigawa vitu kwa watu aliowapenda. Darubini ilikuwa ya marehemu kaka yake. Alimtahadharisha Tata kwamba kitu kimoja hakimo: ule uzito wa chuma wa kusawazishia. Kwa miaka mingi ulikuwa unazuia mlango wa duka usipigwe na upepo wa ziwa, mpaka siku moja ukaondoka na mteja asiyejulikana.

Hapa lazima niwaeleze kidogo, na mniwie radhi, nimemrithi Tata. Bomba la darubini lile lilikuwa jeupe, urefu wake karibu sawa na mimi, na zito. Lilikaa juu ya miguu mitatu, limefungwa upande mmoja wa mhimili, na upande wa pili kilitokeza chuma chembamba. Kwenye chuma hicho ndipo uzito unapovalishwa, ili bomba na uzito vipimane kama mizani ya sokoni. Vikilingana, unasukuma bomba kwa kidole na linabaki pale ulipoliacha. Visipolingana, bomba linaanguka. Ipo parafujo ya kulikaza, lakini ya kwetu ilikuwa imelika meno na haikushika chochote. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea mizani, na mizani ilitegemea uzito uliokuwa unazuia mlango wa mtu fulani huko Bukoba.

Jioni ya kwanza bomba lilimpiga Tata kwenye paji la uso. Jumapili alikwenda kanisani na nundu, na wake za wazee wa kanisa wakawa wanamtazama Mama kwa namna iliyomfanya aimbe kwa sauti ya juu kuliko kawaida.

Ndani ya sanduku kulikuwa na kijitabu cha Kiingereza. Kilisema kwamba kabla ya yote, mhimili uelekezwe kwenye nyota ya kaskazini. Tata alikuwa mtu wa kufuata kitabu. Kila jioni, giza likianza kuingia, alisimama uwanjani uso ukielekea kaskazini, upande wa Bukoba, akaipekua anga kipande kwa kipande juu ya vilima. Bibi alikaa mlangoni kwenye mkeka wake.

"Mwalimu, imeshapatikana?" aliuliza. Alikuwa akimwita mwanawe hivyo kwa fahari, hata akiwa anamgombeza.

"Bado, Mama."

"Haya. Haina haraka."

Wiki nzima ilipita hivyo. Siku ya saba Tata alirudi na atlasi ya shule, akaifungua mezani, akaweka kidole juu ya Muleba, akakaa chini kama mtu aliyeletewa barua mbaya. Sisi tupo kusini kidogo tu ya mstari wa ikweta. Kijitabu kiliandikwa kwa watu wa kaskazini kabisa, ambao nyota hiyo iko juu ya mapaa yao. Kwetu imelala chini ya ukingo wa dunia, haichomozi.

"Nimekuwa natafuta kitu ambacho hakipo," alisema.

Mimi nilicheka, kwa sababu nilidhani ni mzaha. Yeye hakucheka. Katika wiki ile Bibi alikuwa ameanza kupapasa ukuta akienda chooni, na Mama alikuwa ameondoa vigoda vyote njiani.

Ikabidi mhimili ulazwe karibu bapa. Bawaba yake ikakataa kushuka kiasi hicho, maana aliyeitengeneza hakuwaza kwamba kuna watu wanaishi Muleba. Tata akainua mguu mmoja wa darubini juu ya matofali manne, nayo ikainamia mbele kama mlevi anayesalimia. Lakini mhimili ukalala ilivyotakiwa. Kilichobaki kikawa uzito.

Alianza na kiroba cha mchanga. Mchana kilisawazisha vizuri sana, Tata akapiga makofi peke yake uwanjani. Usiku mvua ikanyesha, kama inavyonyesha kwetu, bila kuomba ruhusa, mchanga ukanywa maji na asubuhi bomba likawa limeelekea juu huku kiroba kimekaa chini. Akajaribu jiwe la Mama la kusagia, akalifunga kwa waya. Lilizidi, na jiwe hulipunguzi. Mama alilichukua jiwe lake akarudi nalo jikoni bila kugeuka.

Ndipo Tata akawaza jambo ambalo nadhani ni mtu aliyekulia kibanjani tu angeliwaza. Akaenda nyuma ya nyumba, akazunguka migomba akiitazama mikungu kwa jicho la mtu anayejua uzito wake kabla hajaigusa, akaukata mmoja wa zile ndizi ndogo za kuivisha, ungali kijani. Akauning'iniza kwenye chuma. Ulizidi kidogo, na hilo ndilo alilolitaka. Akachukua kisu akaanza kupunguza, ndizi moja, anajaribu, ndizi nyingine, anajaribu. Niliketi kwenye nyasi namtazama. Sikuwahi kumwona mtu mzima akifanya kitu taratibu namna ile. Alipokata ile ya mwisho aliliachia bomba, likatulia. Akalisukuma kwa kidole, likaenda, likatulia tena.

"Mnaona?" alituambia. "Mnaona?"

Mama aliutazama mkungu. "Na zikiiva?"

"Kabla hazijaiva mama yangu atakuwa ameshaona."

Mawingu yakaja siku hiyo hiyo. Yalitoka upande wa ziwa yakakaa juu yetu jioni baada ya jioni, na Tata alisimama chini yake mikono kiunoni. Alihitaji mwezi mchanga, ule unaokaa juu ya upande wa magharibi jua likishazama, kwa sababu alisema milima yake huonekana vizuri penye mpaka wa mwanga na kivuli. Mwezi ulikuwapo, tuliujua uko wapi, ulituma mwanga hafifu kupitia wingu na kuzama. Siku ya nne ndizi zilianza kuwa za manjano. Zilikuwa zinapungua uzito pia, kidogo kidogo, ikabidi kila alasiri Tata asawazishe upya kwa misumari aliyoitia ndani ya soksi kuukuu. Nilimwona mara moja amesimama ameshika ile soksi, anaongeza msumari, anatoa msumari, midomo ikitikisika. Niliwaza anahesabu. Siku hizi nadhani alikuwa anasali.

Jioni ya sita anga ilifunguka. Tangu saa kumi hakukuwa na wingu hata moja. Tata alisawazisha darubini yake, akaijaribu mara tatu, kisha akaniita.

"Koku, kaa hapa. Mbuzi asisogee, watoto wasisogee. Naenda kuoga, halafu namwita Bibi na majirani."

Nikakaa. Mbuzi hakusogea, wala mtoto yeyote. Tatizo ni kwamba mimi nilikuwa tayari nimesogea. Ule mkungu ulining'inia karibu na uso wangu, umeiva kabisa, jua la jioni limeupasha moto, na harufu yake ilikuwa nzito kiasi kwamba niliionja mdomoni kabla sijagusa kitu. Nilichukua moja ya upande wa nyuma. Pakaonekana pengo, nikachukua ya pili ya jirani yake ili pengo lionekane la kawaida. Mbili zilizofuata sina cha kuzitetea. Maganda niliyatupa kibanjani.

Msidhani sikujua. Nilikuwa nimemwona akizikata moja moja. Nilijua kila ndizi pale ilikuwa na kazi. Nilikula tu, nikajiambia ni ndizi nne, tena ndogo.

Saa moja na robo, mwezi ukawa umetulia juu ya miti ya kahawa. Majirani kama kumi walikuja. Mama alimtoa Bibi kwa kumshika mkono, Bibi amevaa kitenge chake cha Krismasi. Tata alilielekeza bomba, akachungulia, akapiga ukelele kama mvulana. Grisi ya zamani kwenye mhimili ilikuwa inalishika bomba kwa dakika chache, na yeye kwa furaha hakusubiri kuona kama linatulia.

"Mama, njoo. Weka jicho hapa. Usishike kitu chochote."

Bibi akaweka mikono yake nyuma ya mgongo, kama msichana wa shule, akainama, akagusisha jicho kwenye kitundu. Tata hakuweza kujizuia. Aliwageukia majirani, akaunyooshea mwezi kidole, akaanza somo: ule upande wa kivuli, ile milima, yale mabonde mapana ambayo watu wa kale walidhani ni bahari. Wote wakautazama mwezi. Mimi peke yangu nilikuwa natazama darubini.

Ndipo nikaona bomba, sasa limeuzidi mkungu, linaanza kuanguka kinyumenyume, mdomo wake ukipanda. Taratibu, bila sauti. Uliuacha mwezi, ukapanda kwenye anga tupu, na kadiri mdomo ulivyopanda ndivyo upande wa kuchungulia ulivyoshuka. Bibi hakuondoa jicho. Aliufuata ule upande kwa uso wake, mikono bado nyuma, magoti yakikunjika kidogo kidogo, mpaka akawa amepiga magoti kwenye nyasi.

Kwetu mwanamke hupiga magoti kwa heshima, akisalimia, akishukuru. Jirani mmoja aligeuka, akamwona bibi kizee amepiga magoti chini ya darubini, akapiga vigelegele. Wengine wakapokea. Tata akageuka katikati ya sentensi, akamwona mama yake, akaziba mdomo kwa mkono.

"Nimeuona," Bibi alisema. "Waitu, nimeuona. Mweupe kama unga. Na ile milima uliyoisema, nimeiona." Kisha akaugeuza uso kuelekea sauti ya mwanawe, akamshukuru kwa Kihaya. "Kasinge, Mwalimu. Kasinge."

Tata alilia mbele ya watu wote. Nami nilisimama pale, ndizi nne tumboni. Kama ningesema bomba limehama, angelisawazisha upya, Bibi angetazama tena. Lakini angeuliza kwa nini limehama. Nilifungua mdomo mara mbili. Halafu Mama akasema Bibi amechoka, umande unashuka, wakamwingiza ndani. Jioni iliyofuata mawingu yalirudi, na darubini ikarudi sandukuni.

Niliibeba ile siri miaka mitano. Niliamini kwamba nimemnyima Bibi mwezi kwa mara ya pili maishani mwake, na safari hii hakuwa mchungaji wala wavulana, nilikuwa mimi. Nikiwa kidato cha pili, likizo, Bibi akiwa kwenye giza kamili, nilikuwa namkata kucha za miguu nyuma ya nyumba, na maneno yakatoka yenyewe. Nilimwambia yote, hata maganda nilikoyatupa.

Alicheka mpaka akakohoa.

"Ndizi nne tu?"

"Nne, Bibi."

"Bojo, Koku. Mimi wiki ile nilikuwa sioni hata mlango. Nilikuwa nahesabu hatua kwenda chooni. Nilisikia kile kitu kinashuka, nikashuka nacho."

Niliuliza kwa nini hakusema. Alinipa mguu wa pili.

"Ningemwambia saa ngapi? Alikuwa anakata ndizi moja moja." Halafu akasema, "Usije ukamwambia."

Alifariki mwaka uliofuata. Kimwani, kwenye mazishi, Tata alisimama mbele ya waombolezaji akasimulia mwezi, magoti na vigelegele, na watu wakafarijika. Nilikuwa nimeketi miongoni mwa wanawake, nimeinamisha kichwa. Nilikuwa nimeelewa kwamba Bibi alinisamehe. Kwa muda mrefu nilidhani hapo ndipo mambo yanapoishia.

Tata amestaafu sasa. Mwaka huu alianza kumimina chai nje ya kikombe, nami nikamleta Bukoba kwa daktari wa macho. Ni presha ile ile, imechelewa kuonekana. Daktari aliongea kwa upole. Tulipotoka tulikaa kwenye benchi la nje, karatasi mkononi mwangu, na mtu huyu ambaye maisha yangu yote alikuwa na maelezo ya kila kitu hakusema neno. Nilifunga zipu ya mkoba wangu, nikaifungua, nikaifunga tena.

Nimeandika haya nikijua hawezi tena kuyasoma. Nilipokuwa mtoto nilifikiri Bibi alikuwa anamficha Tata giza lake. Kwenye benchi lile nilielewa alichokuwa nacho mikononi: mwanawe anahangaika kwa nguvu zake zote kwa jambo lililokwisha kuchelewa, naye hana namna ya kumsaidia, ila kumwacha amalize na kumwambia limewezekana.

Baadaye Tata alianza kuzungumza na mama mmoja aliyekaa pembeni yetu, aliyefungwa bandeji jicho moja. "Mama yangu alikuwa na ugonjwa huu huu," alimwambia. "Lakini kabla giza halijamfika, aliuona mwezi." Akaendelea mpaka mwisho, na uso wake ukawa unarudiwa na damu. Kisha akanigeukia, macho yakitua kidogo pembeni ya uso wangu.

"Koku, wewe ulikuwepo. Aliuona vizuri, siyo?"

"Nilikuwepo, Tata," nikasema. "Aliuona mpaka akapiga magoti."